Tairi ilipasuka barabarani, nikaacha mutihani wa taifa

Wakuu, salama huko muliko.

Nasoma humu tangu zamani bila kuandika neno. Mimi ni mutu wa haya, hata darasani mwalimu akiuliza naangalia dawati. Leo naandika, na sitaongeza chumvi. Ingekuwa hadithi ya kutunga ningejitungia mwisho mwingine.

Niko Bunia, Ituri, Congo. Kiswahili chetu kimechanganyika na Kifaransa, mutanivumilia.

Nimeona nyuzi nyingi humu juu ya msongo wa mawazo. Lala mapema, tembea, kunywa maji. Siye hapa tunaita stress tu, na dawa yetu ni moja: kuwa tayari.

Vita ilitukimbiza kutoka Tchomia, kule kwa ziwa, nikiwa mudogo. Tulipofika Shari, hapa mujini, baba aligawa kazi. Siku kitu kikilia, yeye anabeba godoro na makaratasi ya familia. Mama anabeba sufuria na unga. Mimi kazi yangu ni Dorka, mudogo wangu. Nilipewa Dorka kabla hajajua kutembea.

Kanuni yenyewe fupi: "Ukisikia kitu, hapana kuuliza. Kamata Dorka."

Na tulikuwa tunafanya mazoezi. Tuko tunakula, baba anapiga kelele ghafla, kila mutu anaruka kwa kazi yake mpaka mulangoni. Aliyechelewa anachekwa. Nyumba nyingi hapa ziko na mpango wa namna hiyo, ila baba wetu aliufanya kama jeshi.

Musinielewe vibaya, tulikuwa tunafurahi. Mama alikuwa anasema bila ule mpango hangepata usingizi.

Halafu ikaja amani. Naiita amani kwa sababu ndivyo wanasema kwa redio. Soko linajaa, watu wanajenga, na kila mutu anajua ni upande gani wa mulango viatu vyake viko.

Mwaka huu nilikuwa wa mwisho sekondari. Exetat, mutihani wa taifa. Bila ile diploma hapa weye ni mutu aliyesoma bure.

Kabla ya mutihani walikuja watu fulani shuleni kutufundisha kutuliza roho. Fungeni macho, vuteni pumzi, wazeni mahali pa furaha.

Nikafunga. Nikaona ziwa kule Tchomia, samaki wameanikwa, mama anacheka na wanawake wengine. Vizuri sana. Halafu nikaona namna tulivyotoka kule.

Nikafungua macho. Wenzangu wote walikuwa wamefumba bado, wanapumua. Nikafumba tena nisionekane.

Sasa siku yenyewe. Hesabu, na hesabu ndiyo nguvu yangu. Nilikuwa naandika vizuri.

Nje, barabarani, kitu kikapasuka. Paa!

Wakuu, sikuamua. Hiki ndicho kitu watu hawaniamini. Nilikuwa nimeshasimama. Musimamizi akasema, kwa upole kabisa, "Mademoiselle, ukitoka haurudi."

Nilimusikia. Nilielewa kila neno. Miguu ilikuwa imeshatoka.

Nilikimbia mpaka shule ya msingi ya Dorka, barabara ileile. Niliingia darasani bila kubisha hodi, nikamukamata mukono mbele ya mwalimu wake. Darasa zima likalipuka kwa kicheko.

"Yaya, weye iko nafanya nini hapa? Wacha miye, unanipatia haya!"

"Twende."

"Twende wapi? Ni pine ya camion! Angalia, chauffeur iko pale anaibadilisha."

Yaya ni dada mukubwa, pine ni tairi. Nikaangalia dirishani. Kweli, mutu amelala chini ya lori, matako nje, anapiga mluzi.

Niliporudi kwa mutihani, geti lilikuwa limefungwa. Nilisimama pale mpaka wenzangu wakatoka wanabishana juu ya majibu. Espérance, rafiki yangu wa dawati, ndiye peke yake alinifikia. Alinipa kalamu yangu tu, nilikuwa nimeiacha.

Nyumbani baba alizunguka kiwanja kama kuku amekatwa kichwa.

"Uko na kichwa gani weye? Vita iliisha! Kila mutu anajua iliisha!"

"Baba, ni weye ulinifundisha."

"Nilikufundisha kwa vita, hapana kwa mutihani!"

Mama alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua uso. Alisema tu, "Kama ingekuwa kweli, ungemusifu."

Baba akatoka.

Mutaa ulipata habari haraka. Kwa bomba la maji watoto walinipa jina: Pine. "Pisheni, Pine anapita! Pine, usipasuke!" Mama mumoja muzima, mwenye ndoo, alicheka mpaka akashika mbavu. Na mimi namujua. Yeye analala na nguo zake zote, tayari kukimbia.

Hapo ndipo nilianza kuwa na uchungu. Si kwa kicheko. Ni kwa sababu wote tunaumwa kitu kimoja, ila aliyeonekana ndiye anaitwa mugonjwa.

Siku ya matokeo ya Exetat, mchana, tulikuwa nyumbani wote. Hapa waliofaulu wanamwagiana poda nyeupe kichwani, wanapiga filimbi na mabeseni, wanazunguka mitaa. Sisi tulisikia kelele tu, watu wengi wanakuja mbio.

"Kamata Dorka!"

Ni baba. Mama alikuwa na sufuria mukononi tayari, sijui aliipata saa ngapi. Dorka akaniangalia.

Nilikaa. Nilishika kiti kwa mikono miwili na nikakaa. Nilikuwa natokwa jasho mpaka machoni.

"Ni matokeo, baba," nikasema. "Ni Exetat."

Espérance akaingia kiwanjani, poda mpaka kwa kope, anacheka na kulia. Akamukuta baba amesimama katikati na godoro begani.

"Papa, munahama?"

Baba akasema analitoa kwa jua.

Mvua ilikuwa inanyesha rasharasha.

Hakuna aliyecheka, hata Dorka. Baba alisimama pale na godoro lake linalowana, na mimi nilitamani sana aseme neno moja kwangu. Lolote. Alisema, "Mwezi wa tisa utarudia darasa," akaingia ndani.

Nilichojifunza, wakuu, ni kidogo. Kitu kilichotuponya juzi kinaweza kutula leo, na aliyekupatia hawezi kukitoa, kwa sababu yeye mwenyewe kimemukaa. Furaha sijui iko wapi. Ile siku, kukaa kwa kile kiti ilikuwa karibu na furaha, halafu nikatapika.

Nitarudia mwaka na watoto niliowatangulia. Hesabu nitapasi. Ni kukaa tu ndiko sijui.

Kwa hiyo nauliza wale waliopita njia kama hii: muliwezaje kubaki kitini? Musiniambie nipumue, ninapumua. Musiniambie niombe, ninaomba kila siku. Wenye kucheka nao wacheke, nimeshazoea. Ila wakimaliza, waseme nao wanalala wamevaa nini.