Pakiti Zilizoisha Siku Tatu Mapema

Saa moja kasorobo asubuhi, duka halijafunguliwa, Mama Mizani yuko nyuma ya kaunta anakata mizizi. Kisu ni kipana kama kiganja chake. Mgongoni mwake kuna kabati la mbao lenye droo tisini na sita, na hakuna hata moja yenye kibandiko.

"Vibandiko ni vya wageni," anasema bila kuinua macho. "Mimi na hizi droo tumezeeka pamoja."

Ana miaka hamsini na mbili, mwili mdogo na mdomo usiochoka. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa akipima na kufunga dawa katika duka la tabibu wa Kichina, mzee wa miaka sabini na minne ambaye wateja wote humwita Babu. Mshahara si wa kujivunia. Ukitoa kodi ya vyumba viwili na ada ya binti yake wa mwisho, kinachobaki yeye hukiita hewa. Lakini mwambie aiache kazi hii uone atakavyokutolea macho.

Aliipata kwa kuanguka. Alikuwa mfagiaji wa jengo hili, na asubuhi moja aliinuka ghafla kutoka kwenye ndoo, kizunguzungu kikamchukua, akajikuta sakafuni mlangoni pa duka. Babu akamwekea vidole vitatu kwenye mshipa wa mkono, kisha akamwambia atoe ulimi.

"Nikasema mzee huyu ana wazimu," anacheka. "Mtu kaanguka, yeye anataka ulimi!"

Ilikuwa presha ya kushuka. Kwa elimu ya Babu, nguvu ya mwili ikipungua haiwezi kuipandisha damu hadi kichwani, kwa hiyo inainuliwa taratibu: mizizi ya kutia nguvu, tangawizi kavu, tende nyekundu, na urukususu kidogo, ule mzizi mtamu. Mgonjwa anywe maji ya kutosha, asiinuke kwa pupa, na aende hospitali kupimwa. Anayekataa hospitali Babu hampokei. Yeye alikubali yote, na alipopona Babu akampa kazi ya kupima dawa.

Mwaka jana alikuja mshonaji mstaafu wa miaka sitini na saba. Presha yake ilisoma themanini na nane kwa hamsini na nne, na kila akisimama alitafuta ukuta wa kushika. Mumewe, fundi saa, alikuwa amembebea mkoba. Bibi akauliza kama dawa ni chungu.

"Tamu!" Mama Mizani akamjibu. "Angalia tu mzee wako asikunyang'anye."

Wakacheka wote watatu. Akamfungia pakiti kumi, moja kwa siku, akamkumbusha sheria ya duka: karatasi tupu zirudi zihesabiwe.

Siku ya nane asubuhi Bibi akarudi amechangamka, karatasi zote kumi mkononi. Mama Mizani akazihesabu, akazirudia tena.

"Bibi, siku saba, karatasi kumi. Hizi tatu kanywa nani?"

Bibi akaona haya kama bibi harusi. Mumewe ndiye aliyekuwa akimchemshia dawa, na kila mara aliionja kwanza kuona kama imepoa. "Akaipenda, mwanangu. Ikawa siku nyingine anachemsha mbili, maana roho inaniuma kunywa peke yangu. Chai yenyewe tunakunywa kikombe kimoja, mwaka wa arobaini na moja huu."

"Na yeye presha yake ikoje?"

"Ya kupanda. Ana vidonge vyake."

Mama Mizani alijua mzizi ule mtamu humpandishia presha zaidi mtu wa namna hiyo. Akifika hapa kisu kinatulia. "Nani alimwambia ni tamu? Ni mimi."

Aliiacha mizani juu ya kaunta, akamshika Bibi mkono, wakaenda hadi mtaa wa pili. Fundi saa alikuwa mezani kwake anajikanda kichwa, akidai ni usingizi tu. Mashine ya presha waliyokwenda nayo ikasema mia tisini na sita kwa mia na kumi na mbili. Walimfikisha hospitali akiwa anaona vitu viwili viwili, akalazwa siku nne.

Siku zote nne Mama Mizani alikwenda kukaa naye baada ya kazi. "Babu hakunigombeza hata neno. Bora angenigombeza, ningepumua." Siku ya tatu mgonjwa alifungua jicho moja, akauliza, "Ile tamu imebaki?" Mama Mizani akalia palepale mbele ya wauguzi.

Tangu hapo neno "tamu" limefutwa dukani. Ukiuliza, utaambiwa dawa ni chungu kama shubiri, na kila pakiti ina maandishi mekundu: MTU MMOJA TU. Anayemsindikiza mgonjwa naye anapimwa presha, apende asipende.

Saa mbili mlango unafunguliwa, na wa kwanza ni wao. Fundi saa anabeba mkoba. Bibi leo ana mia na nane kwa sitini na nane.

"Naomba hata harufu," fundi saa anasema.

"Harufu yenyewe nakupimia. Kaa hapo, nipe mkono."

Anakaa kwenye kiti, na kwa kuwa kiti ni kimoja, Bibi anasimama ameegemea kaunta. Mama Mizani anamshika Bibi kiwiko kwa mkono wake wa kushoto mpaka mashine imalize kupima. Babu hataki kiti cha pili. Anasema watu watageuza duka baraza.

Mwezi ujao Mama Mizani anafanya mtihani wa leseni ya dawa za asili. Akifaulu, Babu atamwachia duka, akapumzike. Ukimuuliza ataanza na nini, hataji rangi mpya wala kibao cha jina.

"Kiti," anasema, mkono bado uko kwenye kiwiko cha Bibi. "Kimoja cha mgonjwa, kimoja cha yule anayemwonjea."