Pangaboi Jeusi kwenye Kontena

Dada yangu alikuwa mama lishe kwenye maegesho ya malori nje kidogo ya mji wa Sumbawanga, upande wa barabara ya Matai. Mimi nilikuwa, na bado ni, mpiga picha mwenye chumba kimoja mtaa wa Katandala: picha za paspoti, za kipaimara, za harusi, na za marehemu zinazotakiwa kukuzwa haraka kabla ya mazishi. Alinizidi miaka saba. Mama alipokuwa shambani yeye ndiye aliyenibeba mgongoni, kwa hiyo hata nilipokuwa mtu mzima mwenye ndevu zangu, akiniita nilikwenda.

Siku aliyoniita kwa ajili ya makontena ilikuwa Julai, majira ambayo upepo wa Ufipa unapenya hadi kwenye mifupa. Nilimkuta amehamishia meko yake nyuma ya lori lililoegeshwa, kontena likimkinga upepo. Wenzake wawili walikuwa wamekaa chini wanamenya viazi, migongo wameiegemeza kwenye magurudumu.

"Umeliona hilo pangaboi?" aliniuliza, akionyesha kwa mwiko.

Ubavuni mwa kontena palikuwa na kibandiko cha pembe nne kilichosimama kwa ncha. Nusu yake ya juu ilikuwa ya njano, na ndani yake mchoro mweusi wa mapanga matatu, kweli kama pangaboi la darini.

"Nimewauliza madereva, kila mmoja ana jibu lake," alisema. "Mmoja kasema mbolea. Mwingine kasema nipike tu, nisiulize. Nipigie picha, mdogo wangu, utafute hiyo alama maana yake nini. Sisi tunapikia hapa kila siku."

Nilipiga picha, nikarudi Katandala, nikaketi na simu. Haikuchukua muda. Ilikuwa alama ya mionzi. Niliendelea kusoma, nikaelewa kwamba huenda mle ndani mlikuwa na mapipa ya unga wa urani kutoka migodi ya ng'ambo ya mpaka, unga ambao huko mbele hutengenezwa kuwa mafuta ya kuendeshea mitambo ya nyuklia. Madereva waliokimbia foleni ya Tunduma walikuwa wakivukia mpaka wa Kasesya, ndiyo maana tulianza kuyaona makontena hayo kwetu.

Nikakutana pia na habari za watu wa nchi za mbali wanaosimama kwenye madaraja kupiga picha treni za mizigo zilizobeba mafuta hayo ya nyuklia yakiwa yamekwisha tumika, wakati yana hatari kubwa kuliko yalivyokuwa mwanzo. Wanaandika saa, idadi ya mabehewa, na upande treni inakoelekea, ili majirani wa reli wajue kinachopita. Nilizitazama picha zao kwa muda mrefu. Sumbawanga hatuna reli, lakini barabara tunayo. Nikasema, basi huku kwetu nitakuwa mimi.

Kuanzia hapo, asubuhi ambazo sikuwa na wateja nilipanda bodaboda hadi kwenye kona iliyo kabla ya maegesho, nikasimama pembeni mwa shamba la ulezi lililokwisha vunwa. Malori mengi yalibeba shaba au hayakubeba kitu. Lenye pangaboi lilipita mara moja kwa wiki, pengine mara mbili, pengine lisipite kabisa. Nilipiga, nikaandika kwenye daftari. Nilimweleza dada nilichokisoma, naye akarudisha meko yake mbali na malori, upande usio na kinga, akawa anapika huku moshi ukimrudia usoni. Wenzake walimcheka. Wao walibaki palepale penye kinga.

Mvua za kwanza zilipoanza, dada akaanza kuchubuka. Sina neno zuri zaidi. Akigongwa kidogo na ndoo, kesho yake paja lilikuwa na doa jeusi la ukubwa wa sahani. Fizi zikatoka damu alipopiga mswaki. Akawa anakaa chini katikati ya kazi, jambo ambalo sikuwahi kuliona maishani mwangu. Nilimpeleka hospitali ya mjini, wakatuandikia rufaa ya Mbeya, na huko daktari mmoja mwanamke, mpole sana, akatuambia ni saratani ya damu, tena ya ile inayokwenda mbio.

Dada aliuliza swali moja tu. "Inatokana na mionzi?"

"Inaweza kutokana na mambo mengi," daktari alimjibu. "Mara nyingi hatujui. Mama ulikuwa unafanya kazi wapi?"

Nikamweleza mimi. Akasikiliza hadi mwisho, akasema kwamba hata kama kungekuwa na mionzi, ugonjwa wa namna hii hauji ndani ya miezi michache, huchukua miaka. Nilimsikia vizuri. Nasema hivyo kwa sababu baadaye nilijifanya sikusikia.

Tuliporudi, nilichagua picha niliyoiona kali kuliko zote. Dada ameinama juu ya sufuria, na nyuma yake pangaboi jeusi limejaa fremu. Juu yake niliandika: "Mabaki ya nyuklia yanapita mjini kwetu. Huyu mama alikuwa anapikia kando yake, sasa ana kansa ya damu." Nikaituma kwenye kundi la simu la jumuiya yetu ya kanisani. Hayakuwa mabaki. Ulikuwa unga ambao haujatumika bado, nami nilijua tofauti yake. Lakini neno mabaki lilikuwa na uzito zaidi, na nilikuwa na hasira. Dada sikumwomba ruhusa.

Kufikia jioni ya siku ya pili, picha ilikuwa imefika Mtowisa, bondeni kule, kwa mjomba wetu mfugaji, ambaye alipiga simu kuuliza kama nyama ya ng'ombe waliopitishwa barabara ya Matai inalika.

Wa kwanza kuja kwangu walikuwa wale wenzake wawili wa maegesho. Yule mkubwa, mwanamke mnene mwenye sauti ya kiongozi wa kwaya, hakukaa.

"Leo nimemwaga wali sufuria nzima," alisema. "Hakuna dereva anayekula kwetu. Wanasema chakula chetu kina sumu. Ungetuuliza, baba. Tungekuambia kitakachotupata."

Nilifuta picha kwenye kundi, lakini ilikuwa imekwisha kwenda isikorudishwa.

Dada alikuwa amehamia kwa mama, mtaa wa Kasense, kwenye nyumba tuliyozaliwa. Nilikuwa nikienda kila siku, na kila siku niliona kitu. Binti wa baba mdogo alikuja kumwona akiwa na kikombe chake ndani ya mkoba, akanywea chai humo. Jirani aliwaita watoto wake kutoka uani kwetu, waliokuwa wamezoea kucheza pale tangu waanze kutembea. Walioleta unga na kuni waliviacha mlangoni, wakapunga mkono kwa mbali. Dada aliyaona yote hayo kutoka kwenye mkeka wake. Hakuwahi kunilaumu kwa mdomo.

Baada ya wiki mbili alikuja mtaalamu wa mionzi kutoka serikalini, na kipimo chake. Alivaa shati la kawaida na viatu vyenye matope, tofauti kabisa na nilivyomtarajia. Alipima maegesho, meko, sufuria, udongo, na kontena moja lililokuwa limesimama pale. Mwisho alikuja Kasense, akampima dada, nguo zake na mkeka wake. Kile kidude kililia taratibu, tik, tik, kama kilivyolia kila mahali.

"Hakuna kitu," alisema. "Kama ilivyo popote pengine. Ule unga ukiwa umefungwa ndani ya pipa, haumdhuru aliye nje. Hatari ni ukimwagika, ukaumeza au kuuvuta puani. Poleni sana, lakini haya maradhi hayakutoka pale."

Aliyasema pia mbele ya watu, ofisini kwa mtendaji wa kata. Waliohudhuria walikuwa wachache, na waliotoka pale wakasema amelipwa.

Dada aliniuliza, "Wewe unamwamini?"

"Ndiyo," nilisema.

"Basi waambie."

Niliwaambia. Niliandika upya kwenye lile kundi, maneno mengi, kwa uangalifu, pamoja na kukiri kwamba neno mabaki niliongeza mimi. Walionijibu walikuwa wawili. Habari ya kutuliza watu haikuwa na miguu kama ile ya kwanza.

Kisha akaja dereva. Nilikuwa studio, nikimpiga msichana picha ya kitambulisho, nikamwona mlangoni mtu mrefu mwenye kofia mkononi. Alisubiri hadi msichana akatoka.

"Mimi ndiye ninayevuta lile kontena," alisema. "Dada yako alikuwa ananipikia. Mboga za majani aliniwekea pembeni, anajua tumbo langu. Nimekuja kusema pole."

Nikamshukuru. Akabaki amesimama.

"Mke wangu kaona picha yako, bwana mdogo. Kabeba watoto, kaenda kwao. Anasema nanuka mionzi. Miaka yote hii nalala kwenye kichwa cha lori, mzigo uko nyuma yangu, wakubwa hawajaniambia zuri wala baya. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia, na umeniambia uongo."

Nilimweleza maneno ya mtaalamu. Alisikiliza akiitazama sakafu. Nilimwuliza mzigo unaishia wapi, kwa sababu dada alikuwa akiniuliza mara kwa mara. Akasema yeye huushusha Mpanda, stesheni, unapakiwa kwenye treni ya mizigo, na zaidi ya hapo hajui.

Nilipomwambia dada, aliketi. "Treni," alisema. Hakuwa amewahi kuiona. Mbali kuliko kote alikowahi kufika kabla ya kuugua ni Laela, kwenye harusi. "Nenda ukanipigie. Nataka nione makontena yale yanakwenda vipi."

Nilikwenda. Basi lilinichukua asubuhi, nikalala Mpanda kwa rafiki, na kesho yake saa nne nilikuwa stesheni. Makontena mawili yenye pangaboi yalikuwa yamekwisha pakiwa, katikati ya mabehewa mengine ya magunia na mbao. Mlinzi alinizuia. Nilimweleza ukweli, kwamba nina mgonjwa anayetaka kuona treni, akanitazama, akageuka kama mtu aliyeitwa upande wa pili. Nikapiga kichwa cha treni, kisha mabehewa moja moja, kisha yote kwa pamoja yalipoanza kujivuta, vyuma vikigongana kuanzia mbele hadi nyuma.

Dada alizitazama zile picha mchana kutwa, simu ameiegemeza kwenye mto. Aliyahesabu mabehewa. Akaipanua mojawapo kwa vidole viwili, vidole ambavyo kucha zake zilikuwa zimebadilika rangi.

"Huyu mama aliyekaa chini ya kivuli cha behewa, anauza nini?"

"Karanga."

"Ni behewa lenye pangaboi."

"Ndiyo."

"Ulimwambia?"

"Sikumwambia."

Aliirudisha picha katika ukubwa wake. "Ulifanya vizuri," alisema. Halafu: "Au sijui. Mimi nilitaka kuambiwa."

Sikulala vizuri kwa maneno yale, na hadi leo sijui ningepaswa kumwambia nini yule mama wa karanga. Kwamba alama ile ni ya hatari lakini si hatari kwako? Angeniuliza, sasa kwa nini wameibandika?

Dada alifariki wiki ya tatu baada ya hapo, mchana, mama akiwa anamlowesha midomo kwa kitambaa. Watu walikuja msibani, siwezi kusema hawakuja. Lakini walikaa nje, mbali na nyumba, na ilipofika wakati wa kumwosha marehemu, wanawake wa jumuiya walisimama mlangoni wakiwa wameficha mikono ndani ya khanga. Mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kama ningeweza kupata glavu. Nilikuwa nazo, za kusafishia vifaa, nikaenda kuzitafuta.

Mama alipotambua wanachosubiri, alivua viatu. "Nilimwosha alipozaliwa," alisema. "Sihitaji mtu." Akaingia.

Yule mwanamke mnene wa maegesho, aliyemwaga wali wake kwa sababu yangu, alikunja mikono ya gauni, akamfuata. Hakuchukua glavu. Nilisikia maji yakimiminwa na sauti zao wawili wakisemezana kwa Kifipa, mambo ya kawaida, mshike hapa, mgeuze, kama watu wanaomvisha mtoto. Wengine watatu waliingia baadaye. Waliobaki nje walibaki.

Malori yenye pangaboi yaliacha kupita mwaka uliofuata. Sijui kama ni foleni ya Tunduma iliyopungua au ni kelele zetu. Wale akina mama walihamia kwenye banda jipya karibu na stendi, ambako hakuna anayewakumbuka.

Lakini kabla ya hayo, siku ya kumaliza msiba, nguo za dada zilitolewa nje, zikawekwa juu ya mkeka ili ndugu wagawane kama desturi. Binti wa baba mdogo alisema ana nguo nyingi. Shangazi alisema hazimtoshi. Kila mmoja alikuwa na sababu, zote za adabu. Rundo likabaki pale hadi jua likapungua, mama akaliangalia, akainama, akachukua sweta ya kijani, akaivaa juu ya gauni lake jeusi. Ilimbana mabegani.

Jumapili alikwenda nayo kanisani. Nilikaa kulia kwake. Kushoto kwake, benchi lilikuwa tupu hadi misa ilipoisha.