Programu Iliyokula Nyumba ya Mama

Nakumbuka siku Bi Mwajuma wa Mzenga aliponirudishia simu yangu akasema hana la kufanya nayo. Alikuwa mkulima wa mihogo, na mimi nilikuwa nimetoka Kibaha kwenda kumwonyesha programu niliyoijenga kwa miaka miwili. Mwanangu, nikiikumbuka siku ile bado nasikia aibu.

Nilikuwa binti wa miaka ishirini na saba, nimesomea kompyuta. Nilitaka kumkutanisha mkulima wa Kisarawe na mnunuzi wa Dar es Salaam. Wazo lenyewe halikuwa baya. Ningeanza na mihogo tu, wakulima wachache, kwa ujumbe mfupi wa simu, ningejua mapema kama linafaa. Lakini kulikuwa na mshauri mmoja, bwana wa suti na semina, tena nilimlipa, akaniambia, "Wawekezaji hawaangalii vitu vidogo, dada. Jenga kubwa au acha." Nikaongeza kwenye programu sehemu ya malipo, ramani, hali ya hewa, mikopo, hadi soko la ng'ombe. Kila kimoja kilitaka fundi wake, na kila fundi alitaka mshahara. Nilipoishiwa, nikamfuata mama.

Mama alikuwa mjane. Nyumba yake pale Kongowe, vyumba vitatu, aliijenga kidogo kidogo kwa kuuza mitumba sokoni pale Kwa Mathias. Nikamwambia tuiuze.

"Ikishindikana, nitakaa wapi?" akaniuliza.

"Mama, hii haiwezi kushindikana."

Hakubishana nami. Hilo ndilo linaloniuma: aliniamini, tukaiuza.

Tukazindua pale Kibaha kwa maturubai, muziki na fulana mpya. Picha zilipendeza. Wiki zikapita, hakuna muhogo hata mmoja uliouzwa, ndipo kwa mara ya kwanza nikafunga safari ya Mzenga.

Bi Mwajuma alinisikiliza mpaka mwisho. "Mtandao hapa mpaka upande kilimani kule juu," alisema. "Na mnunuzi ninaye siku nyingi. Shida yangu ni gari la kutoa mihogo wakati wa mvua. Ungeniuliza kabla hujajenga, ningekwambia."

Nikaanza kumweleza habari za ramani. Akanikatiza. "Hizo fedha ni za nani?"

"Za mama."

"Na yeye anajua kwamba hukutuuliza?"

Nikachukua simu yangu, nikarudi Kibaha. Yule mshauri alishachukua malipo yake yote, na tangu hapo hakupokea tena simu yangu. Mama akahamia chumba cha kupanga. Mimi nikatengeneza simu za watu kwa miaka, nikiweka akiba ya kumjengea tena, lakini akafariki humo humo chumbani kabla sijanunua hata tofali. Hakuwahi kunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Juzi nimemsikia mwingine wa aina ya yule mshauri, ukumbini hapa Kibaha, akiwaambia vijana kwamba anayefanikiwa ni yule anayeweka kila alichonacho. Nikasimama, nikamuuliza yeye mwenyewe ameweka nini. Akacheka, akampa mwingine kipaza sauti. Nilitoka kwa hasira. Watu hawa wanawatuma watoto wa watu wakauze nyumba za wazazi wao, kisha wanawaita mashujaa, na wao hawapotezi hata nauli.

Sikukatazi kujenga, mwanangu. Jenga. Lakini nenda kwanza kwa yule utakayemjengea, ukae naye, umsikilize hata akikukera. Anza na kitu kimoja, ukione kinatumika, ndipo uongeze cha pili. Weka kiasi ambacho kikipotea utaumia wewe peke yako, na siku kikiisha, simama. Mtu akikuhimiza uweke zaidi, muulize naye anaweka nini. Na paa la mzazi wako usiliguse, hata akikupa mwenyewe kwa mikono miwili.

Mungu akufungulie akili na riziki, akupe subira ya kuuliza, na makosa yako yawe madogo, yale ambayo mtu anaweza kuyatengeneza.