Mama ameapa mbele za watu kwamba sikunyoosha mkono

Admin, naomba jina langu libaki kwako, maana Tabora ni mji wa kujuana. Nina miaka arobaini na moja, ni mke wa mtu, mama wa watoto wawili, na ni diwani wa viti maalumu. Haya nimeyabeba peke yangu mpaka nimeshindwa.

Mama yangu anaishi mtaa wa Ng'ambo, hapa hapa mjini. Ni mshona magodoro ya sufi, kazi iliyotusomesha mimi na kaka zangu baada ya baba kufariki. Uani ana vyumba vya wapangaji, na nyumba yake imeunganishwa kwenye bomba la majitaka. Iliposikika kwamba baraza litakaa kupitisha viwango vipya vya malipo ya majitaka, aliniita. "Mwanangu, wanawake wote wa hapa wananitazama mimi kwa sababu yako. Hivyo viwango vikiletwa, usinyooshe mkono." Nilimjibu, "Nimekusikia, mama." Sikuahidi, lakini najua yeye alisikia ahadi.

Kabla ya kikao, kamati yetu ilipelekwa kuona hali. Tulifika mtaa mmoja wa bondeni, mvua imetoka kunyesha. Chemba ilikuwa imefurika na maji machafu yameingia ndani ya nyumba za watu. Dada mmoja alikuwa anayachota kwa sufuria, mtoto wake mchanga kamlaza juu ya meza. Hakutusalimia. Alituangalia tu, akaendelea kuchota. Wataalamu wakatueleza kwamba bomba lile ni la zamani, na viwango visipopanda hakuna pesa ya kulibadilisha. Siku ya kikao, mwenyekiti aliposema wanaokubali wanyooshe mikono, nilimwona tena akilini yule mtoto mezani. Nikanyoosha. Na niwaambie ukweli, hata leo ningenyoosha.

Mama hakuniuliza kitu. Nilipokwenda kwake nilimwamkia, akaitikia, akanipa chai, tukazungumza habari za wajukuu. Nikajidanganya kwamba yamepita. Kumbe baadaye, kwenye hitma ya jirani, wanawake walianza kunisema. Mama Zuhura, rafiki yake mama tangu wakiwa wasichana, akasema mwanawe wa kiume alikuwa ukumbini na aliniona kwa macho yake. Mama alisimama mbele ya wote. "Wallahi, mwanangu hakunyoosha mkono! Mwongo wewe na huyo mwanao!"

Halikuishia hapo. Wana kikundi chao cha kufa na kuzikana, na mama ndiye mwenyekiti. Walikaa wakamtoa Mama Zuhura, eti ni mchonganishi. Mwanamke wa umri ule, mjane, leo akifiwa hakuna wa kumpikia wala wa kumtandikia jamvi. Na alichosema ni kweli tupu.

Nilishindwa kuvumilia. Ijumaa baada ya swala nilimkuta mama barazani anashona godoro, nikakaa chini karibu yake.

"Mama, nilinyoosha mkono."

Aliendelea kushona. "Najua."

"Unajua? Tangu lini?"

"Tangu ulipokuja hapa ukanywa chai bila kunitazama usoni."

"Sasa mbona uliapa?"

Ndipo akaiweka sindano chini. "Ulitaka wakutukane nikae nawatazama? Nimeshaapa, imekwisha. Ukienda kusema, mimi ndiye nitakayeitwa mwongo, na uzee huu, mimi niliyemtaja Mungu. Nyamaza, mwanangu. Hilo tu nakuomba. Hayo majitaka nitalipia, wala hutanisikia nikilalamika."

"Na Mama Zuhura?"

Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kipande cha kitambaa cha godoro, akaniambia niende nikampikie mume wangu.

Juzi nikakutana na Mama Zuhura sokoni. Nilitaka kupita pembeni, akaniita kwa jina langu la utotoni, ambalo siku hizi hakuna anayelitumia.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu." Akanishika mkono. "Mimi sina ugomvi na wewe. Kama ulikubali, ulikuwa na sababu zako. Nataka kujua kitu kimoja tu. Mwanangu alisema uongo?"

Nilisimama pale na mfuko wangu wa nyanya. Nikamwambia nina haraka. Ndugu zangu, niliondoka sokoni kama mwizi, hata chenji sikuchukua.

Sasa Jumamosi hii kuna mkutano wa hadhara wa kuwaelezea wananchi viwango vipya, na madiwani tutakaa mbele. Mume wangu anasema ninyamaze, watu watasahau. Mama amenipigia simu kunieleza kwamba atakuja mapema akae karibu nami, na ameshona gauni jipya. Hajui, au labda anajua, kwamba Mama Zuhura naye anakuja, na amewaambia watu kuwa ataomba kipaza sauti aniulize mbele ya wote.

Akiniuliza kwa nini viwango vimepanda, nitamjibu bila kutetemeka. Lakini akiniuliza kama nilinyoosha mkono, huku mama yangu mzazi ananitazama, nitasema nini? Nyie mlio na mama zenu, msinitukane. Nisaidieni mawazo kabla ya Jumamosi, nifanye nini mimi?