Milimita na Bomba la Kumi na Saba

Kaka yangu hakuitwa Milimita kwa kupenda kwake. Jina hilo alipachikwa na mwashi mmoja walipokuwa wakijenga ghala. Mwashi alisema fremu ya mlango imekaa sawa, kaka akasema imezidi milimita mbili, wakabishana mpaka saa ya chakula ikapita. Mwisho mwashi akatupa mwiko chini: "Basi bwana Milimita, ing'oe!" Na kweli aliing'oa. Tangu siku hiyo hata mke wake, akikasirika, humwita hivyo.

Mimi ni mdogo wake, kitinda mimba. Kazi yangu ni kushona, nakata kitambaa kwa jicho, na nguo zangu zinawakaa watu vizuri tu, asikudanganye mtu. Nasema hivi mapema ili ujue kwamba mimi na kaka hatujawahi kukubaliana juu ya futi kamba.

Useremala alijifunzia hapa hapa. Kutengeneza vinanda vya mabomba, vile vikubwa vya kanisani, alikwenda kujifunza mbali, miaka sita, kwa mzee mmoja mwenye karakana yake. Kinanda cha parokia yetu kilikufa mwaka ule ule alioondoka. Panya walikula ngozi ya mvukuto unaokipulizia hewa, mvua ikapenya darini, basi. Aliporudi na ujuzi wake wote, paroko wa wakati ule akamwambia waumini wanaimba vizuri bila kinanda, asante. Kaka akarudi kwenye milango, makabati na majeneza, miaka kumi na tisa. Kila Jumapili alikaa benchi la nyuma, macho juu kwenye roshani ya kwaya, anayatazama yale mabomba yaliyopauka kama mtu anavyomtazama mchumba wake aliyeolewa na mwingine. Nilimwonea huruma, ingawa mdomoni nilimcheka.

Na Mama naye alikuwa na lake. Mama ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kanisani. Hakuwa mwanakwaya, wala sauti yake haikuwa nzuri, tuseme ukweli, ilikuwa na mkwaruzo. Lakini akianzisha, watu wanamfuata. Hasa ule wimbo wa kuaga marehemu. Sijui mazishi mangapi katika mji wetu yaliyopita bila Mama kusimama na kuufungua. Alikuwa ameanza kuuimba na kinanda, akiwa msichana, na alikililia kinanda kile kama ndugu.

Alipokuja paroko mpya, akatangaza kwamba kinanda kitajengwa upya na fundi ni kaka yangu, Mama alimshika mkono mlangoni mwa kanisa, watu wakisikia. "Baba, fanya hima," akamwambia. "Nataka nikiimbie kabla hakijaniimbia mimi."

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Mama alikuwa na miaka themanini na mmoja, na daktari alishatuambia moyo wake umechoka.

Kazi ilichukua miezi kumi na minne. Kaka alishusha mabomba mia nne na kumi na mawili, moja moja, kwa kamba na blanketi, akayalaza kwenye sakafu ya ukumbi wa parokia, kila moja na kikaratasi chake cha namba. Mengine ni ya mbao, marefu kuliko mtu. Mengine ni ya risasi na bati, laini mno, ukiyabana kwa kidole yanabonyea. Aliyaosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, akanyoosha yaliyopinda, akaziba nyufa. Mvukuto aliuvisha ngozi mpya ya kondoo kwa gundi ya moto, na ngozi ile niliikata mimi. Kwa jicho! Aliichukua, akaipima huku na huku, akaipima tena, akanyamaza. Sijawahi kusifiwa zaidi ya hapo na kaka yangu.

Mama alikuja kila alasiri na kigoda chake. Alipewa kitambaa laini, akawa anapangusa mabomba yaliyokwisha kuoshwa. Siku moja alikuwa na bomba la kumi na saba la safu kubwa mapajani, analipangusa kama mtoto aliyetoka kuogeshwa, kaka akaja akaliinua.

"Hebu angalia hapa," akasema. Kichwani pa bomba palikuwa pameungwa kipande cha bati, upana wa vidole viwili. "Aliyeunga hapa alikuwa fundi wa masufuria! Bomba likirefuka, sauti inashuka. Hili lilikuwa linalia chini ya noti yake."

"Hilo ndilo la 'nyumbani'," Mama akasema.

Tulijua alichomaanisha. Katika wimbo wa kuaga, kila ubeti unamalizikia kwenye neno "nyumbani", na pale katikati ya neno sauti huanguka, kidogo tu, kama mtu aliyekanyaga shimo. Parokia nzima huimba hivyo. Kumbe haukuwa wimbo, lilikuwa bomba! Zamani safu nyingine zilikuwa zimeshakufa, inalia hiyo kubwa tu, na watu wakaifuata. Kinanda kikanyamaza, watu wakaendelea kushuka. Waliokuwa watoto wakawafundisha watoto wao. Sisi tulidhani ile ndiyo huzuni yenyewe.

Kaka akachukua mkasi wa bati, akakiondoa kile kipande, akasawazisha kingo. Mama alimtazama, mikono juu ya kitambaa. Kaka alikuwa fundi, na Mama hakuwahi kumfundisha fundi kazi.

Siku ya kubariki kinanda kanisa lilifurika. Kaka alivaa suti niliyomshonea, akasimama karibu na ngazi ya roshani, ametulia kama nguzo. Mwalimu wa kwaya alipogusa kile kinanda, jamani, nililia. Sauti ilishuka kutoka juu, ikapita kwenye mabenchi, nikaihisi kwenye mbao chini ya miguu. Nilimtazama kaka yangu nikasema moyoni, Milimita, nisamehe yote niliyowahi kukusema.

Kisha paroko akatangaza wimbo wa kuaga, kuwakumbuka marehemu wote waliowahi kukiimbia kinanda kile. Mama akasimama, akaanzisha. Tukafika kwenye "nyumbani". Kinanda kikakaa juu, sisi tukashuka.

Ilisikika vibaya sana. Noti mbili zilizokaa jirani zikilia pamoja zinagombana, na watu mia tatu waligombana na kinanda kipya mbele ya wageni. Wengine walinyamaza, wengine wakajaribu kupanda, mtu mmoja akacheka. Ubeti wa pili, vile vile. Mama aliishia hapo. Alifumba midomo, akakaa chini, akaweka mikono mapajani.

Hakuimba tena. Si siku ile tu. Jumapili iliyofuata alikuja, akakaa mahali pake, midomo imefungwa. Na iliyofuata. Nyumbani alikuwa na kawaida ya kuimba akichambua mboga, nako akaacha. Hakununa, angalia. Alizungumza, alitania wajukuu, alimuuliza kaka habari za kazi. Ila wimbo haukutoka.

Paroko alimwita kaka, akamwomba kwa upole: hivi haiwezekani kulirudisha lile bomba moja kama lilivyokuwa? Kaka akasema, "Baba, nikiharibu bomba kwa makusudi, mimi ni fundi gani?" Badala yake akaomba kwaya ikutane naye Jumamosi nne mfululizo. Akawafundisha. Aliwarudisha kwenye neno lile mara hamsini, mpaka wakaacha kushuka. Vijana walishika haraka, wazee kwa shida, na waumini wakaanza kuwafuata vijana.

Mimi sikuwa na subira kama ya paroko. Nilimfuata karakanani kwake nikampa vidonge vyake.

"Bomba moja, kaka! Mabomba yote yale unayo, unashindwa kumwachia mama yako moja?"

"Noti ni noti," akasema. "Leo nimwachie Mama, kesho kila mtu ataleta lake."

"Mama yako haimbi!"

"Amenisusia. Ataacha." Akarudi kwenye randa yake. Sikumhurumia hata kidogo.

Mwezi wa saba tangu siku ya kubariki, Mama akalala kitandani, na tukajua haamki. Miguu ilivimba, pumzi ikawa ya kuhesabu. Jumatano asubuhi nilikuwa namlisha uji, nikasema kwa hasira yangu ile ile, "Mama, nawe umezidi. Ungeimba hata kidogo mwanao afurahi. Unamsusia mpaka lini?"

Alinitazama kana kwamba nimemtukana.

"Nani kasusa? Sikumsusia mimi." Akapumzika, akavuta hewa. "Nikifika pale koo linashuka lenyewe. Nimejaribu nikiwa peke yangu, halikubali. Sasa niimbe, nimwaibishe mwanangu mbele za watu? Watu waseme fundi gani huyu, hata mama yake haendi na kinanda chake? Bora ninyamaze." Kijiko kilikuwa bado mkononi mwangu. "Usimwambie. Atakwenda kuliharibu bomba lake, na ndiyo kazi yake nzuri kuliko zote."

Nikamwahidi, nikamfuta mdomo.

Sasa sikiliza. Saa ile ile kaka alikuwa juu ya roshani. Alikuwa amelitoa bomba la kumi na saba, amekaa nalo sakafuni, na kipande cha bati cha kuliunga tena amekikata tayari. Mke wake ndiye aliyeniambia baadaye. Alikaa asubuhi nzima. Kisha akalirudisha bomba kama lilivyokuwa, akashuka, akamwambia mkewe, "Nimeshindwa. Mkono umekataa." Alipofika nyumbani Mama alikuwa amelala usingizi, na Alhamisi alfajiri akatutoka.

Jeneza alilitengeneza mwenyewe. Nilimpelekea chai, nikamkuta anapiga randa ubao wa kifuniko, uso umevimba kwa kulia.

"Amekwenda na kinyongo juu yangu," akasema. "Mama amenisusia mpaka mwisho."

Nilikuwa nimeahidi. Lakini aliyenikataza alikuwa amekwenda, na aliyebaki alikuwa anakufa mbele yangu. Nikamweleza yote, neno kwa neno, na jinsi Mama alivyokuwa anavuta hewa katikati.

Aliweka randa chini.

"Alisema lini?"

"Jumatano asubuhi."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa kanisani, kaka."

Nilisubiri alie, anipige, anifukuze. Alichukua msasa akaendelea na ubao, taratibu, akifuata mkondo wa mti. Nikaiacha chai ikapoa, nikatoka.

Kanisa lilijaa Jumamosi ile kuliko siku ya kubariki. Wimbo wa kuaga safari hii haukuwa na wa kuufungua, ikabidi kinanda kianze peke yake. Kaka alisimama mbele, ubavuni mwa jeneza, nami kando yake. Lazima nikwambie: hakuna mtu aliyewahi kumsikia kaka yangu akiimba, tangu arudi; hata kwaya aliifundisha kwa kuwapigia kinanda tu. Kanisani yeye husikiliza tu, kichwa upande. Siku hiyo alifungua mdomo tangu neno la kwanza.

Tukafika pale. Kwaya aliyoifundisha mwenyewe ikakaa juu, sawasawa na kinanda, na waumini wakakaa nayo. Kaka akashuka.

Peke yake, kwa sauti nene isiyozoea, mbele ya paroko, mbele ya kwaya, chini ya mabomba yake mwenyewe. Kila mtu alisikia. Nilimwona anashtuka, mkono ukashika ukingo wa jeneza. Nilimuuliza baadaye kama alikusudia, akasema hapana, haki ya Mungu hapana. Alikusudia kuimba noti yake, koo likashuka lenyewe.

Ubeti wa pili angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angemlaumu. Mama alinyamaza miezi saba kwa ajili yake. Lakini kaka aliinua kichwa, na tulipokaribia lile neno akavuta pumzi akashuka tena, makusudi sasa, kwa nguvu, machozi yakimwingia mdomoni. Mimi nikashuka naye. Nyuma yetu nikawasikia wazee, mmoja, wawili, kisha benchi zima.

Mwalimu wa kwaya aligeuka kututazama kutoka roshani. Kisha akaondoa mikono kwenye kinanda, tukamaliza wenyewe.