Nilibebwa kwenda kujifungua, bondeni wakanidhani maiti

Wakuu, humu ndani shikamoo sitoi, napokea tu. Umri ninao.

Ninaloandika lilinipata mimi mwenyewe. Mjukuu alinisomea mnavyolalamika kuwa ambulensi imechelewa, nikamwambia lete hiyo simu. Asiyeamini apite taratibu, sitamkimbiza.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Nilizaliwa Kamuli, huku Karagwe, nikaolewa Bugomora, kwenye kibanja cha migomba na kahawa. Mume wangu alikuwa mbali, kwenye machimbo ya bati. Nyumbani nilibaki na wakwe zangu wawili.

Sasa shikeni jambo moja, la sivyo mtapotea njiani.

Kwetu enzi zile mkamwana na baba mkwe hawatazamani usoni, na mkamwana hapazi sauti mbele yake. Akija njia hii, wewe unaingia migombani. Nilikaa pale zaidi ya mwaka, mzee namjua kwa kikohozi tu.

Mimba ya kwanza ikatimia. Uchungu ukanishika, jua likazama, likachomoza, mtoto hatoki. Mkunga wa kilima chetu akanawa mikono, akasema, "Huyu amenishinda. Mpelekeni."

Kunipeleka wapi? Dispensari ilikuwa vilima kadhaa mbele, chumba kimoja, dresa mmoja, yaani mhudumu wa kufunga vidonda.

Usafiri wenyewe ni machela, miti miwili na kamba za migomba, wanaume wanne. Watu wa kilima humbeba mgonjwa wao mpaka bondeni, wa kilima cha pili wanapokea, hivyo hivyo mpaka mwisho. Hakuna malipo, leo kwangu kesho kwako. Ila maiti haipokelewi. Maiti hubebwa na watu wake.

Wanaume wengi walikuwa machimboni, kwa hiyo baba mkwe mwenyewe akashika mti wa mbele. Mama mkwe akaona aibu hiyo haivumiliki. Akanifunika gubigubi, kichwa mpaka vidole vya miguu, kwa nguo iliyokuwa karibu, lubugo, ile ya gome la mti.

Watu wa Karagwe na Kyerwa najua mshashika vichwa. Ninyi wengine, lubugo ndiyo tuliyokuwa tunazikia watu.

Tukafika bondeni. Mama mkwe alikuwa nyuma na mzigo wa chakula, hajatufikia. Wanaume wa ng'ambo walikuwa wanalima. Kuona lubugo, wakaweka majembe chini wakakaa kimya. Ndiyo heshima ya msiba.

"Njooni mpokee, ni mgonjwa!" baba mkwe akaita.

"Mgonjwa anafunikwa hivyo, Tata?" mmoja akajibu. "Poleni sana. Bebeni mtu wenu."

"Ni mzima!"

"Basi aseme tumsikie."

Mawe, mama wee! Mimi humo ndani nasikia kila neno. Mtoto anacheza tumboni, mzima kabisa, na mdomo wangu umefungwa na adabu. Wabebaji wengine nao hawakuthubutu kumfunua mkamwana wa mzee mbele ya mzee.

Sikuogopa. Nilikuwa na hasira.

Nikasikia machela inawekwa chini. Baba mkwe akakohoa.

"Mwanangu, sema," akaniambia. "Mimi naziba masikio."

Nikaitupa lubugo kule. Mzee alikuwa kanipa mgongo, vidole masikioni, anatazama migomba. Nikawageukia wale.

"Mnangoja nife ndiyo mnililie vizuri? Mimi mzima na mtoto wangu mzima! Inukeni!"

Waliinuka, wakuu. Walikimbia. Tena walinibeba vizuri kuliko watu wa kwetu.

Dresa alikuwa mtu mpole. Alikuwa na dawa ya vidonda, ya upele na ya malaria. Akanipapasa tumbo, akasema, "Mama, kazi hii siiwezi. Nendeni hospitali ya misheni." Hiyo ilikuwa safari nyingine ya kutwa. Hakunidanganya, na heshima yake nampa.

Kabla hatujafika, mtoto akaacha kucheza. Sikumwambia mtu.

Hospitalini walimtoa. Alikuwa wa kiume. Mimi nikapona.

Kipande hiki ndicho pekee nilichosimuliwa, maana nilikuwa bado nimelazwa. Baba mkwe alimrudisha mjukuu wake nyumbani, kamfunga kwenye lubugo ileile. Pale bondeni wale wanaume wakaweka majembe chini tena, wakakaa. Safari hii hakuna aliyetaka kusikia sauti.

Wapo wanaoniambia mila ndiyo iliyomuua mwanangu. Nakataa. Pale bondeni tulisimama muda wa kumenya ndizi za sufuria moja. Vilima vingine vyote je? Angekuwepo Bugomora mkunga mmoja aliyesomea, mwenye vifaa, lubugo ingebaki nyumbani.

Hata hivyo, kilima chetu hakikufunika tena uso wa mgonjwa. Baba mkwe alikataza. Mimi na yeye tukawa tunasalimiana uso kwa uso mpaka alipofariki. Majirani walisema sana, nikawaacha waseme. Nilimpenda yule mzee.

Somo langu ni fupi. Adabu unaweza kuiweka kando kwa neno moja, kilima huwezi.

Siku hizi bodaboda inakufikisha Rubwera mjini upesi. Lakini najua bado kuna mahali mwanamke anaanza safari mtoto akicheza tumboni, anafika mtoto ametulia. Ni wapi huko? Tajeni vijiji vyenu hapa chini. Nasomewa vyote.