Lorraine na Kinanda Kilichokuwa Baridi

Lorraine Staniforth huuza vifungo na nyuzi za sufu katika soko la Sheffield. Wateja wengi hawajui kwamba yule msichana wa nywele zilizosimama, kwenye bango lililochakaa ndani ya baa ya jirani, ni yeye. Muuza samaki wa meza ya pili anajua, na hampi nafasi ya kusahau.

“Malkia wa roboti, leo unaimba au unapima zipu?”

“Napima mdomo wako, mpenzi, niushone.”

Pale kila mtu huitwa mpenzi, hata anayekuandikia faini ya gari.

Majira ya baridi yaliyopita alipigiwa simu na Howard Crookes. Wawili hao ndio waliobaki wa bendi iliyowahi kuchezesha nusu ya Ulaya kwa vinanda vya umeme vilivyolia kama roboti. Howard alikuwa ametunga nyimbo za albamu nzima, ya kwanza tangu enzi nywele zao zilipokuwa bado nyeusi. Lorraine alikubali papo hapo, kisha usingizi ukampaa. Sauti yake ilikuwa imeshuka. Zile noti za juu zilizompa jina hakuwa nazo tena.

Studio yao ni karakana ya zamani ya kutengenezea visu. Walijaribu wimbo wa kwanza mchana kutwa. Kila alipofika kwenye kiitikio, sauti ilikatika.

“Ninazo kanda zako za zamani,” Howard alisema, akiangalia viatu vyake. “Kompyuta inaweza kuichukua sauti ile ikaimba maneno haya. Hakuna atakayejua.”

“Na mimi nitafanya nini? Nichemshe chai?”

“Chai yako mbaya, mpenzi.”

Lorraine hakucheka. “Nipe kesho asubuhi. Nikishindwa, mtumie huyo binti wa kwenye kanda.”

Kinanda chao kikuu, kikubwa kama kabati, hutaka kuwashwa mapema. Kisipopata joto, noti zake hulegea na kushuka. Ndiyo maana tangu ujana wao hukiwasha, wakaenda kula mkate wa nyama, ndipo wakarudi kazini. Asubuhi ile theluji ilimchelewesha Howard. Mimi, mpangaji wa Lorraine, nilikuwa nimefika naye, nikimshika mkono njiani asiteleze. Howard aliingia mbio, akakiwasha kinanda, akakipiga hapohapo, macho yake kwa Lorraine.

Lorraine akafumba macho, akaimba. Kiitikio kikafika, na sauti haikukatika. Ilitoka pana, nzito, yenye mikwaruzo, ikajaa karakana hadi nikaisikia kifuani mwangu. Katika safari zangu nimesikia watawa wakiimba milimani Georgia na wachungaji wakiitana jangwani. Hapo nilisahau kufungua koti.

Wimbo uliisha. Mikono ya Howard ilibaki juu ya kinanda.

“Hakijapata joto,” alisema taratibu. “Sikukisubiri. Noti zake ziko chini kabisa.”

“Usikiguse.”

“Miaka yote nimekuwa nikikuvuta wewe upande juu, Lorraine. Haikunijia kwamba wimbo ungeweza kushuka.” Alijifuta macho kwa mkono wa sweta. “Nilirekodi. Unataka kuisikia?”

“Baadaye. Kabla hakijapanda, tufanye wimbo wa pili.”

Howard alizima hita, akafungua madirisha yote mawili. Theluji ikaingia hadi kwenye sakafu ya mbao. Lorraine akavaa glavu, akasogea kwenye maikrofoni.